EKRA YA ORDINATERI IKIWA GIZA: TAFUTA UGONJWA MBELE YA KUNUNUA DAWA



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia na viatu vya kazi, vumbi la mashine za kutoboa, maji ya kunywa na malaria ya watoto. Leo nitawapa habari ya kitu kingine ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za kambi: ordinateri, ile ndogo ya kufunga kama kitabu. Pengine mtauliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini katika mambo ya mafundi? Ngoja niwaeleze sababu.

Jumapili moja ya kiangazi, saa moja ya usiku, mama mmoja alimleta mtoto wake katika dispensari. Alikuwa kijana wa miaka 17. Mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa kitambaa, na chini ya kitambaa tulikuta dawa ya meno imepakwa juu ya ngozi iliyoungua. Habari yake ni hii. Dada yake alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho ya universite, na siku kumi tu zilibaki mbele ya kuipeleka. Asubuhi ile ekra ya ordinateri ikawa nyeusi. Dada alilia, akasema kazi yote imepotea. Kijana alitaka kumsaidia. Aliondoa visi za chini, akaona kifuniko hakitoki, akaingiza kisu cha jikoni na kukaza. Ncha ya kisu ikatoboa batri. Ukatoka moshi, kisha moto.

Mkono ulipona baada ya wiki tano, lakini kidole kimoja hakikunjiki vizuri mpaka leo. Na jambo lililoniuma zaidi ni hili: fundi alipoichukua ile ekra na kuifunga katika ordinateri nyingine ya namna ile ile, iliwaka vizuri kabisa. Ekra haikuwa na ugonjwa. Diski nayo haikuguswa na moto, na kazi ya dada ilikuwamo yote, hata ukurasa mmoja haukupotea.

Basi shika kwanza hili: kazi yako, picha zako na barua zako hazikai ndani ya ekra. Ekra ni dirisha tu. Dirisha likizibwa, vyombo vya nyumba vinabaki mahali pake. Hakuna sababu ya kushika kisu.

Ekra inafanya kazi namna gani?

Watu wengi wanafikiri kwamba ekra ndiyo inayotoa mwanga. Sivyo. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyo mbali kwa tabia. Cha kwanza ni taa. Cha pili ni kioo chembamba chenye maji ya namna ya pekee, ambayo umeme unaweza kuyageuza yapitishe mwanga au yauzuie. Fikiri dirisha lenye vibao vidogo vingi sana vya kufungua na kufunga, na nyuma yake mtu amesimama na taa. Vibao vinachora picha, taa inaiangaza. Ekra ya kawaida yenye nukta 1366 kwa upana na 768 kwa urefu ina nukta zaidi ya milioni moja, na kila nukta ina vibao vitatu: chekundu, kijani na buluu.

Maji hayo si uvumbuzi wa mafundi wa ordinateri. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliona kitu cha ajabu: dutu aliyokuwa akiipasha moto iliyeyuka mara mbili. Kwenye digrii 145 ilikuwa maji yenye ukungu, na kwenye digrii 178 ikawa maji meupe safi. Ilipita karibu miaka 80 mpaka watu wajue la kufanya nayo.

Sasa unaona kwa nini ni lazima kujua vitu hivyo viwili. Taa ikifa, picha iko lakini haionekani. Kioo kikifa, mwanga uko lakini picha imeharibika. Na kama uzi unaoleta habari kutoka chini umekatika, vyote viwili ni vizima, lakini wewe unaona giza tu. Magonjwa matatu, dalili moja. Mgonjwa akija kwetu na kusema, "Mganga, kichwa kinaniuma," hatumpi sindano papo hapo. Tunamwuliza maswali, tunapima joto, tunachoma kidole tutazame damu. Na ordinateri vilevile.

Kupima bila kufungua hata visi moja

Kwanza ujue kama mgonjwa anapumua. Washa ordinateri, weka sikio karibu. Unasikia feni? Kuna taa ndogo iliyowaka kando? Ukibonyeza ile alama ya herufi kubwa kwenye klavye, taa yake inawaka na kuzimika? Kama hakuna chochote, ugonjwa si wa ekra. Tafuta kwenye sharjeri, batri au umeme wa nyumba.

Kama inapumua, izime, chomoa sharjeri, na kama batri ni ya kutoka kwa nje, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishike sekunde 30. Hiyo inamaliza umeme mdogo uliobaki ndani. Kisha rudisha sharjeri na uwashe. Msicheke. Nimeona ordinateri tatu zilizopona kwa njia hii, na moja ilikuwa imekwisha kupatana bei na mnunuzi wa vipande. Sisi tunaoishi na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu tutaona jambo hili mara nyingi.

Tazama pia kama mtoto hakubonyeza vitufe vya kupunguza mwanga mpaka mwisho. Ndiyo, hata hilo.

Sasa kipimo kizuri kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Ngoja usiku, au funga mapazia. Washa ordinateri, subiri dakika mbili, kisha chukua torshi na kuimulika ekra kwa karibu, kwa upande, si moja kwa moja. Tazama vizuri. Kama unaona kivuli cha picha, maandishi hafifu sana, mshale unaotembea, basi umepata jibu: kioo ni kizima, habari inafika, ni taa tu isiyowaka. Taa ya nyuma imekufa, au umeme wake haufiki.

Kama torshi haionyeshi kitu, nenda kwenye televizio. Televizio nyingi za siku hizi zina tundu la HDMI, na ordinateri nyingi nazo wanalo. Funga kable kati yao, kisha bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi P, ubadilishe mara moja au mbili. Picha ikitokea kwenye televizio, mwili wa ordinateri ni mzima, na ugonjwa uko juu, katika kifuniko: ekra au uzi wake. Tena, unaweza kuendelea na kazi yako papo hapo. Yule dada wa universite, kama angejua hili asubuhi ile, angemaliza kuandika mbele ya televizio ya baba yake. Ila kama televizio nayo ni nyeusi, ugonjwa uko chini, ndani ya mwili. Mara nyingine ni zile karte ndogo za kumbukumbu zilizolegea, mara nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Hapo usinunue ekra! Hata ekra mpya kumi hazitasaidia.

Baada ya hapo fungua na kufunga kifuniko polepole, ordinateri ikiwa inawaka. Je, picha inakuja ukifika pembe fulani na kupotea ukipita? Inatetemeka, inageuka rangi? Basi ni uzi. Uzi wa ekra unapita ndani ya bawaba, na kila siku unakunjwa. Uzi unachoka, kama kable ya mashine inayopindwa mahali pamoja. Hapa na mimi nikiri ujinga wangu. Ordinateri yangu ilikuwa na dalili hizi hizi. Nilimpelekea mtu mmoja mjini, akatazama nusu dakika, akasema ekra imekufa. Nililipa dola 70. Mwezi wa pili giza likarudi, kwa sababu alibadili ekra nzima na kuacha uzi ule ule mchovu. Tangu siku hiyo nilianza kujifunza mambo ninayowaandikia.

Kuna jambo moja la sumaku ambalo wachache wanalijua. Ordinateri inajua kifuniko kimefungwa kwa kuhisi sumaku ndogo. Ukiweka karibu na klavye kasha la simu lenye sumaku, au spika, au ukiiweka juu ya ordinateri nyingine, inaweza kudhani umeifunga, na kuzima ekra. Ondoa vitu hivyo mbele ya kulia.

Mwenye Dell ana bahati zaidi. Aizime, ashike herufi D, na huku ameishika abonyeze kitufe cha kuwasha. Ekra itageuka rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Kama rangi zimejaa bila mistari wala madoa, kioo na taa ni vizima.

Magonjwa yanayoonekana kwa macho

Kama unaona nyufa kama utando wa buibui, au doa jeusi kama wino uliomwagika linalozidi kukua, kioo kimevunjika. Hakuna dawa. Mara nyingi sababu ni kalamu iliyosahauliwa juu ya klavye wakati wa kufunga, au kushika ordinateri kwa ekra kama sahani. Mistari iliyosimama, ambayo haibadiliki hata ukisogeza kifuniko, na inaonekana tangu alama ya kampuni ya kwanza kabisa, nayo ni ugonjwa wa kioo. Kuna watu wanaobana kando ya ekra kwa kidole ili mstari uondoke. Unaondoka kweli, kwa saa moja. Ukiendelea kubana, utauvunja.

Mistari au rangi mbaya zinazotokea tu baada ya programu kuanza, na kwenye televizio pia, hizo si za ekra. Ni programu au mwili wa chini.

Ukikubali kubadili ekra

Usinunue kwa kumwambia muuzaji, "Nipe ekra ya ordinateri ya namna hii." Kampuni moja inatia ekra za namna nyingi katika ordinateri zinazofanana kwa sura. Namba ya kweli iko nyuma ya ekra yenyewe, kwenye karatasi iliyobandikwa. Mpaka uione hiyo. Tazama vipimo: inchi 15.6 ni karibu sentimeta 39.6, kutoka pembe mpaka pembe. Tazama nukta, kama ni 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Tazama mlango wa uzi: wengi wana vidole 30, wengine 40, na hazibadilishani. Tazama masikio ya visi, kama yako juu na chini, au kando, au hayapo kabisa. Ekra za kugusa kwa kidole zimegundishwa na kioo chao cha mbele. Hizo ziacheni kwa fundi.

Sasa tumefika mahali ambapo ninaomba kila mmoja asome polepole.

Katika usine hakuna fundi wa umeme anayeingiza mkono ndani ya kabati mbele ya kukata umeme na kutia kufuli yake. Lakini nyumbani watu hao hao wanachomoa sharjeri na kudhani umeme umekwisha. Umeme haujakwisha. Batri iko ndani, na imejaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, mbele ya kugusa ekra, ni kuitenga batri: kama inatoka kwa nje, itoe; kama iko ndani, fungua kifuniko cha chini kwa kipande cha plastiki, kadi ya zamani ya simu inatosha, na uchomoe mlango wa batri kwa kucha. Kisu hapana, turnevisi ya kukaza hapana. Kama hujui mlango wa batri ni upi, funga tena na upeleke kwa fundi. Sababu ya pili ni ya mfuko: ukichomoa uzi wa ekra huku batri imefungwa, umeme wa taa unaweza kuunguza fuzi ndogo kama chembe ya mchele iliyo chini, na hapo hata ekra mpya itabaki giza.

Katika miezi ya baridi na vumbi hapa kwetu, Juni mpaka Agosti, hewa ni kavu, na ukivua sweta usiku unaona cheche. Cheche hizo zinaua karte. Gusa chuma kilichofika ardhini, kama dirisha au bomba la maji, mbele ya kuanza. Usifanyie kazi juu ya blanketi.

Kazi yenyewe haina maneno mengi. Fremu ya plastiki inayozunguka ekra inatoka kwa kucha, kuanzia ndani kuelekea nje, baada ya kuondoa visi zilizofichwa chini ya vibandiko. Ondoa visi za ekra, ilaze kwa uso juu ya kitambaa safi kwenye klavye. Nyuma utaona mlango wa uzi na utepe juu yake. Bandua utepe, inua kile kichuma chembamba, kisha vuta uzi kwa kuuteleza kufuata ekra. Usiuvute kwenda juu. Wengi wanavunja hapo. Weka ekra mpya, rudisha uzi na kichuma, funga batri, washa. Ikiwaka, zima, tenga batri tena, ndipo urudishe visi na fremu. Ukifunga yote kwanza na kupima baadaye, utafanya kazi mara mbili.

Batri, moshi, na taa za zamani

Sisi watu wa Lualaba na Katanga tunapaswa kuijua batri hii kuliko wengine. Kobalti iliyo ndani ya batri za ordinateri, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inachimbwa katika nchi yetu, na Kolwezi ndio moyo wake. Mmeitoa katika mwamba, kisha inarudi katika nyumba zenu imefungwa na karatasi nyeusi. Batri hiyo ikivimba, klavye inainuka, kifuniko hakifungi, au ekra inasukumwa. Usiikandamize, usiitoboe kutoa hewa. Zima, usitie umeme tena, ondoa ordinateri kitandani na karibu na watoto, peleka kwa fundi aitoe.

Ikianza kutoa moshi, ondoa watu kwanza. Kama unaweza kukata umeme bila kupita ndani ya moshi, kata. Kama ni ndogo bado, isukume nje kwa fimbo ya ufagio, juu ya simenti au udongo, kisha mwaga maji mengi ili ipoe, au mchanga kama maji hayako. Moshi wake una gesi ya asidi inayounguza mapafu. Mtu aliyeuvuta aje dispensari hata kama anakohoa kidogo tu, kwa sababu ubaya unaweza kuja baada ya saa nyingi.

Ngozi iliyoungua: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kwa saa. Kama bomba limekauka, mimina kwa kikombe kutoka ndoo, dakika zile zile. Vua pete na saa mbele mkono haujavimba. Si dawa ya meno, si mafuta ya mawese, si unga, si yai. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na uje. Dawa ya meno ya yule kijana ilituchukua karibu nusu saa kuiondoa, na kila dakika ilikuwa ya kulia.

Neno jingine ni kwa wenye ordinateri za okazyo zilizotengenezwa mbele ya mwaka 2010 hivi. Nyingi hazina taa za LED; zina mrija mwembamba wa kioo kama neoni, na kando yake karte ndogo inayopandisha umeme mpaka volti mia kadhaa. Hiyo karte usiiguse ikiwa inawaka. Ndani ya mrija kuna zebaki kidogo. Ukivunjika, fungua madirisha, toa watoto, subiri dakika 15. Usifagie, kwa sababu ufagio unatawanya. Kusanya kwa karatasi ngumu, maliza kwa kubandika utepe wa gundi chini, tia vyote katika chupa yenye kifuniko. Usiitupe pale watoto wanapocheza.

Maji yakitoka katika kioo kilichovunjika na kugusa mikono, nawa kwa sabuni. Yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uje tutazame.

Na kama vipimo vyote vimekushinda, au ulichokiona kinahitaji mkono wa fundi, usiende mikono mitupu. Chukua karatasi, uandike: feni inazunguka au hapana, torshi ilionyesha nini, televizio ilionyesha nini, giza linabadilika ukisogeza kifuniko au hapana, lilianza lini, baada ya kuanguka, maji, au umeme kukatika. Mpe fundi karatasi hiyo, na umwombe akurudishie kipande cha zamani alichokiondoa.